Jokofu la Chanjo kwa Zahanati: Umeme, Gesi au Jua?

Nenda duka lolote la vifaa vya umeme Kariakoo, utapata friji ya milango miwili kwa bei ambayo hata zahanati ndogo inaimudu, na muuzaji atakuapia kwamba inagandisha haraka kuliko zote. Sifa hiyo ndiyo inayonitia hofu. Jokofu la chanjo halitakiwi kugandisha. Linatakiwa kushika nyuzi joto 2 hadi 8, mchana na usiku, umeme uwepo usiwepo, na friji ya nyumbani haikuundwa kwa kazi hiyo.

Tangu mwaka wa fedha 2017/18, vituo vya afya vya Tanzania vilipoanza kupokea fedha moja kwa moja kwenye akaunti zao, kamati za usimamizi zinapanga matumizi ambayo zamani yalipangwa wilayani. Majokofu mengi ya chanjo bado yanaletwa na Mpango wa Taifa wa Chanjo, lakini gesi, umeme na fundi hubaki kuwa mzigo wa kituo, na zipo hospitali za mashirika ya dini na kliniki binafsi zinazojinunulia zenyewe. Kwa hiyo mjumbe wa kamati, ambaye kazi yake ni ukulima au ualimu, anajikuta ameshika karatasi tatu za bei na kuulizwa achague ipi. Nimeandika nikimfikiria yeye.

Tuanze na hasara ambayo haionekani. Sote tunaogopa joto, na ni haki yetu: matone ya polio huharibika upesi yakipata joto. Lakini joto huacha ushahidi. Kwenye kichupa kuna alama ambayo wauguzi huiita VVM, mraba mweupe ndani ya duara. Mraba ule hukolea rangi kadiri joto linavyozidi, na ukishafanana na duara au kulipita, kichupa hakitumiki tena. Baridi kali haina alama. Pentavalenti, chanjo ya nimonia, ya HPV (ile ya saratani ya mlango wa kizazi), ya pepopunda, ya homa ya ini aina ya B: hizi zikiganda mara moja tu zimeharibika, na zikiyeyuka zinarudi kuonekana kama mwanzo, huku VVM ikiwa nyeupe vilevile. Mtoto anachomwa, kadi inajazwa, mama anaondoka ameridhika, na mtoto hana kinga aliyoahidiwa.

Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba chanjo zilizohifadhiwa zilipatwa na baridi iliyopita kiwango kwa asilimia 33 katika nchi tajiri na asilimia 37 katika nchi za kipato cha chini. Tofauti ni ndogo mno kuweza kuulaumu umaskini peke yake. Kifaa chenyewe kina sehemu kubwa ya lawama, na friji ya nyumbani iko mstari wa mbele. Baridi yake hutoka kwenye sehemu ya kugandishia na kushuka nyuma. Vichupa vilivyosukumwa hadi ukutani vinaganda, vilivyopangwa mlangoni vinapata joto kila mlango unapofunguliwa. Umeme ukikatika, baada ya saa chache ndani pamekuwa kama nje. Shirika la Afya Duniani, WHO, halishauri kuitumia kwa chanjo, na mimi sioni bei yoyote ya chini inayoweza kuihalalisha.

Piga hesabu ya kilichomo ndani. Mwaka 2013 Gavi, muungano wa kimataifa wa chanjo, ilitangaza kwamba imepata chanjo ya HPV kwa dola 4.50 kwa dozi kwa nchi inazozisaidia. Kwa bei hiyo dozi 500 ni dola 2,250, fedha inayotosha kununua jokofu dogo la umeme lililotengenezwa kwa ajili ya chanjo na chenji ikabaki. Usiku mmoja wa kuganda unaweza kuzimaliza zote. Kwamba bili ililipwa na wafadhili hakupunguzi hasara kwa yule binti ambaye hatapata dozi nyingine.

Baada ya friji ya nyumbani kuondolewa mezani, zinabaki njia tatu.

Gesi ndiyo wazee wa zahanati wanayoijua, baada ya ile ya mafuta ya taa. Jokofu la aina hii linaendeshwa na mwali mdogo unaowaka nyuma yake saa 24, na faida yake ni kwamba halihitaji nguzo ya TANESCO wala paneli juu ya bati. Lakini linadai mtu wa kulilea. Lazima lisimame sawasawa kwenye sakafu isiyoinama, bomba la moshi lisafishwe masizi, mwali uongezwe au upunguzwe kwa mkono kufuatana na hali ya hewa. Usiku wa Makete mwezi wa saba, mwali uliowekwa kwa ajili ya mchana unaweza kushusha baridi hadi chini ya sifuri wakati muuguzi amelala. Mtungi nao ukiisha Ijumaa jioni, gari la halmashauri likiwa safari, zahanati haina jokofu hadi Jumatatu. Kwa sababu hizo WHO imeacha kuyaidhinisha majokofu ya gesi na mafuta ya taa kwa chanjo, na Gavi haitoi fedha za kuyanunua. Kama unalo, litunze hadi mbadala ufike. Kununua jipya leo nakukataza bila kusita.

Umeme wa gridi ni njia ya pili, na hapa kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Jokofu la chanjo la umeme ni sanduku lenye mfuniko wa juu, na ndani ya kuta zake kuna maji yaliyofungwa kwenye vifuko au mirija. Umeme ukiwepo, maji yale huganda. Ukikatika, barafu ile huendelea kutoa baridi. Ili lipite vipimo vya WHO, ni lazima lihimili angalau saa 20 bila umeme kwenye joto la nyuzi 43, na yapo yanayohimili siku kadhaa. Ndiyo maana swali la kamati halitakiwi kuwa “umeme unakatika?”, maana unakatika kila mahali. Swali ni saa ngapi kwa siku umeme upo. Ukifika saa 8 au zaidi, na ukikatika haupiti siku mbili mfululizo, chukua jokofu la umeme. Mwambie muuguzi aandike kwenye daftari kila umeme unapokatika na kurudi kwa wiki mbili au tatu kabla ya kuagiza chochote. Daftari hilo litawasaidia kuliko ushauri wa muuzaji. Na msilifunge bila stabilaiza, kwa sababu umeme unaorudi kwa nguvu huunguza kompresa.

Njia ya tatu ni jua, na jua lenyewe lina matoleo mawili ambayo hayafanani hata kidogo. La zamani hutumia betri. Betri huzeeka, kwa kawaida ndani ya miaka mitatu hadi mitano, na seti mpya ni fedha nyingi ambayo mara nyingi haimo kwenye bajeti ya mtu yeyote. Pia betri ina marafiki wengi: simu za kuchaji, taa ya nyumba ya mganga, televisheni siku ya mechi. Majokofu mengi ya jua yamekufa kwa betri huku paneli zikiwa nzima. Toleo jipya halina betri ya kulilisha. Paneli huliendesha jokofu moja kwa moja, na badala ya kuweka umeme akiba, linaweka baridi akiba kwa kugandisha maji kwenye kuta. Kipimo cha WHO kinalitaka lihimili angalau siku tatu bila jua la kutosha, jambo ambalo mtu wa Bukoba wakati wa masika atalithamini.

Bei yake ndiyo inayoshtua, maana jokofu la jua lisilo na betri huuzwa mara kadhaa ya bei ya lile la umeme, na bado kuna nguzo au fremu ya paneli, usafiri na fundi wa kulifunga. Basi tuhesabu miaka kumi badala ya siku moja. Jokofu la gesi hula karibu nusu kilo kwa siku, yaani mtungi wa kilo 15 kila mwezi. Tuchukue mtungi kwa Sh55,000 (weka bei ya kwenu): ni Sh660,000 kwa mwaka, Sh6,600,000 kwa miaka kumi, bila nauli ya kuufuata mjini. Jokofu la umeme tulikadirie unit moja na nusu kwa siku. Kwa LUKU ya Sh10,000 inayotoa unit 28 hivi, ni karibu Sh195,000 kwa mwaka, chini ya Sh2,000,000 kwa miaka kumi. Jua halidai kitu kwa mwezi. Ile gesi ya miaka kumi, ukiigeuza dola, inakaribia bei ya jokofu dogo la jua kabla ya kusafirishwa na kufungwa. Kwa hiyo penye umeme wa saa 8, umeme unashinda wazi. Pasipo umeme huo, jua lisilo na betri linashinda gesi hata kwa fedha, ukiacha chanjo zinazookolewa. Kilichobaki ni kuhakikisha mwembe uliopo upande wa mashariki hautupi kivuli kwenye paneli hadi saa nne asubuhi.

Lolote mtakalochagua, mwombeni muuzaji namba ya jokofu hilo kwenye orodha ya WHO inayoitwa PQS. Namba za majokofu huanza na E003, na orodha ni ya wazi kwa yeyote. Asiyeweza kuitoa, mwageni kwa heri. Ulizeni pia kama lina kinga ya kuganda ya daraja A, maana yake haliwezi kuzigandisha chanjo hata muuguzi akizipanga vibaya. Kwa zahanati yenye muuguzi mmoja anayezalisha, kuchanja na kugawa dawa, kinga inayotegemea umakini wake kila dakika haitoshi.

Lita nazo zinadanganya. Dozi ya HPV katika kichupa cha dozi moja huchukua sentimita za ujazo 15. Ya surua na rubella, katika kichupa cha dozi kumi, huchukua mbili hadi tatu tu. Wasichana elfu moja wanahitaji lita 15, watoto elfu moja wa surua hawafikishi hata lita tatu. Angalieni chanjo mnazotarajia, na someni lita za chanjo peke yake, siyo ukubwa wa sanduku zima ambao muuzaji hupenda kuutaja.

Kampeni hubadilisha hesabu, kwa sababu kinachopungua wakati wa kampeni mara nyingi ni barafu. Kibebeo cha kawaida, kile kiboksi chenye mkanda wa begani, hubeba vipakiti vinne vya barafu. Halmashauri yenye timu 40 inahitaji 160 kila asubuhi, na vingine 160 vinavyogandishwa kwa ajili ya kesho. Vikiwa vya robo tatu ya nusu lita hivi, ni kilo 60 za barafu kwa usiku mmoja, na majokofu mengi ya jua hayana sehemu ya kugandishia kabisa. Pangeni mapema: friza ya kukodi, ya kuazima hospitali ya wilaya, au ya kununua. Friza ya nyumbani kwa barafu tu, bila chanjo ndani, inafaa.

Aina ya kampeni nayo ina uzito. Katika kampeni ya matone ya polio, kama ile ya Septemba 2023 katika mikoa sita baada ya kirusi kugunduliwa Rukwa, vipakiti hutoka kwenye friza moja kwa moja, kwa sababu matone hayo hayaharibiki yakiganda. Chanjo ya surua na rubella ni unga mkavu, nayo haiogopi barafu, lakini maji yake ya kuchanganyia yakiganda ampuli hupasuka, na yasipopoozwa kabla ya kuchanganywa yanaiharibu chanjo. Ikishachanganywa ina saa sita tu. Kwa HPV au pentavalenti, vipakiti lazima vipumzishwe nje hadi ukivitikisa usikie barafu ikicheza ndani ya maji. Timu iliyochelewa gari haina subira hiyo, na ndipo chanjo zinapoganda njiani. Tangu mwaka 2018 kuna vibebeo vilivyoidhinishwa na WHO vyenye ukuta wa ziada unaozuia kuganda hata barafu ikitoka friza saa ileile. Ni vizito na ni ghali kuliko vya kawaida, na kwa zahanati zinazofanya huduma ya mkoba kila mwezi ningevinunua kabla ya kitu kingine chochote cha safari. Droni, kama zile zilizojaribiwa mwaka 2018 kati ya Mwanza na Ukerewe, zinafaa kwa dharura ya visiwani. Kwa mzigo wa kampeni bado boti na pikipiki ndizo zinazofanya kazi.

Kifaa kidogo kuliko vyote nimekiacha hadi hapa kwa sababu kinahitajika katika kila njia: kirekodi joto cha siku 30. Hukaa katikati ya chanjo, hupiga alamu joto likipita nyuzi 8 kwa saa kumi, au likishuka hadi nusu nyuzi chini ya sifuri kwa saa moja. Ni sehemu ndogo ya bei ya jokofu lolote, na ndicho kitakachowaambia kilichotokea Jumamosi usiku. Alamu ya baridi ikilia, muuguzi ana jaribio la kutikisa: kichupa kimoja cha aina ileile na toleo lilelile kinagandishwa makusudi, kinayeyushwa, kinatikiswa pamoja na kile kinachoshukiwa, kisha vinawekwa mezani bega kwa bega kwa nusu saa. Kinachoshukiwa kikituama upesi sawa na kile kilichogandishwa, kimeharibika.

Kabla ya kusaini, mwombeni muuzaji jina la fundi atakayekuja jokofu likiharibika, anakaa mkoa gani, na kama ana vipuri vya modeli hiyo. Mwombeni pia namba za zahanati mbili zenye jokofu kama hilo kwa miaka miwili au zaidi. Wapigieni, muulize lilizimika mara ngapi, na fundi alichukua siku ngapi kufika.