USALAMA NA AFYA: MTOTO ANAYEZIBA MASIKIO

Ndugu mfanyakazi, ukitaka kuingia panaposagwa mawe bila viziba masikio, msimamizi atakurudisha. Unajua sababu: kelele ya desibeli 85, saa 8 kila siku, huharibu masikio. Hakuna anayekucheka kwa kujikinga.

Sasa twende nyumbani kwako. Mvua inapiga mabati, redio ya jirani inalia, sufuria inaanguka. Mtoto wako anaziba masikio, anapiga yowe, anakimbilia barabarani. Majirani wanasema hana adabu. Wengine wananong'ona kwamba ni ndoki. Usiwasikilize! Usimpige, wala usimpeleke kwa watu watakaomfungisha njaa ili kumtoa pepo.

Huenda mtoto huyo ana hali ambayo waganga wetu wanaiita otisme. Wenzetu wa Tanzania na Kenya wanaiita usonji. Daktari Leo Kanner aliieleza huko Marekani mwaka 1943. Si uchawi, haiambukizi, wala si kosa la mama. Kwa wengi wenye hali hii, sauti au mwanga ambao wewe huujali huwaumiza kweli.

Huko Misri, mchora ramani za majengo Magda Mostafa alichunguza madarasa ya watoto wa namna hii. Mwaka 2008 alieleza kwamba mwangwi ulipopunguzwa, na chumba kikagawanywa kwa kila kazi mahali pake, watoto waliweza kukaza akili kwa muda mrefu zaidi. Kilichobadilishwa ni chumba.

Wewe na mama wa nyumba mnaweza kufanya haya:

1. Mpeni kona ya utulivu: mkeka na pazia, mbali na redio. Akizidiwa, aende humo mwenyewe. Kona hiyo isiwe kifungo wala adhabu.

2. Tandikeni mikeka, tundikeni mapazia mazito. Ukuta mtupu wa saruji hurudisha sauti, kitambaa huinywa.

3. Taa ndefu za neoni za zamani hupepesa mara 100 kwa sekunde. Wewe huoni, lakini yeye anaweza kusumbuka. Mchana, tumieni mwanga wa dirisha.

4. Kula hapa, kulala pale, kucheza kule. Mkitaka kuhamisha vitu, mwambieni mapema.

5. Wekeni komeo juu ya mlango wa barabarani, ambalo mtu mzima hulifungua upesi moto ukitokea. Funikeni kisima. Mbabula iwe mbali naye.

Kisha mpelekeni hospitalini apimwe, na masikio yake pia. Mwombeni mwalimu amkalishe mbali na kelele za njia.

Kazini, kelele ikizidi, hatumpigi mfanyakazi, tunamkinga. Mtoto wako naye anangoja kinga yake.

USALAMA HAUISHII MLANGONI PA KIWANDA!