Meno na Maradhi ya Mtoto Mchanga



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza habari za uchumaji, uanikaji na upimaji wa karafuu. Safari hii twaomba ruhusa yenu tuzungumze habari ya mtoto mchanga anayeota meno. Pengine mwanachama atauliza, meno ya mtoto na chama cha wakulima wa karafuu vimekutana wapi? Vimekutana ofisini kwetu, juu ya chupa ya mafuta ya karafuu.

Mwanachama wetu mmoja, mtu mzima wa kuheshimiwa, alitujia Ijumaa moja baada ya sala. Binti yake ameolewa na kijana wa huku kwetu ambaye sasa ana duka la nguo Makambako, bara. Mjukuu wake ana miezi 7. Binti alikuwa amepiga simu asubuhi ile kusema mtoto ana homa tangu jana, anaharisha, ananyonya kidogo na kulia sana, na akimtia kidole kinywani ufizi wa chini umevimba. Bibi wa mtoto alikwisha kutoa hukumu: "Ni meno hayo, apakwe mafuta ya karafuu." Jirani wa kule Makambako naye alikuwa na hukumu yake: ni meno ya plastiki, aitwe mtaalamu ayang'oe. Mzee wetu alikuja kutaka chupa ndogo ya mafuta aipeleke kwa boti, kisha kwa basi.

Kwa wale wasiofika huko, Makambako ni mji wa njia panda katika Mkoa wa Njombe. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma yapita hapo, na hapo ndipo inapochepuka njia ya Njombe na Songea. Reli ya TAZARA nayo ina stesheni mjini humo. Ni nchi ya juu, yenye upepo na baridi, na Njombe yenyewe, mwendo wa kama kilomita 60 kwenda kusini, ina baridi zaidi. Kutoka kisiwani kwetu, chupa ile ingefika siku ya pili au ya tatu.

Tulimwambia Mzee: "Baba, chupa hatukupi. Tupe namba ya binti yako." Tuliyomwambia binti siku ile ndiyo tunayotaka kuwaeleza wanachama wote.

MENO HUJA VIPI

Mtoto huzaliwa na vitumba vya meno vimekwisha kujificha ndani ya ufizi, kama kitumba cha karafuu kinavyokaa juu ya kikonyo kikingoja siku yake. Kwa watoto wengi jino la kwanza hutokeza kama miezi 6. Yupo anayeanza miezi 4, na yupo anayekaa mpaka mwaka mmoja, na wote hao ni wazima. Aghalabu hutangulia meno mawili ya mbele ya chini, kisha ya mbele ya juu, baadaye magego ya kwanza, kisha chonge, na mwisho magego ya pili. Afikapo umri wa miaka miwili na nusu au mitatu, mtoto huwa ametimiza meno 20 ya utoto.

Zamani mtoto aliyetanguliza meno ya juu aliitwa kigego, na watu wakamwogopa kuwa ni mkosi. Hapana mkosi wowote. Ni mpango tu wa vitumba, kama mkarafuu mmoja unavyotangulia wenzake katika shamba moja.

Jino likikaribia kutoka, mtoto hutoa udenda mwingi, hutafuna kila akishikacho, husugua ufizi, hukasirika bila sababu, na ufizi huweza kuvimba na kuwa mwekundu. Joto la mwili laweza kupanda kidogo, lakini halifiki homa ya kweli. Mwaka 2000 madaktari wa Marekani walitangaza matokeo ya kuwafuata watoto 125, wazazi wao wakiandika kila siku hali ya mtoto na siku jino lilipotoka. Udenda, kutafuna, kusugua ufizi na ukali vilionekana kuandamana na meno. Homa kali, kutapika, kikohozi na kuharisha havikuonekana kuandamana nayo.

KWA NINI TUNADANGANYIKA

Basi kwa nini kila bibi ameona kwa macho yake mtoto anayeota meno akiharisha na kushikwa na homa? Bibi hasemi uongo. Mambo mawili hutokea katika wakati mmoja, nasi tukadhani moja limezaa jingine.

Angalieni yanayompata mtoto wa miezi 6 au 7. Kinga aliyopewa na mama yake tumboni imekwisha kupungua, na kinga yake mwenyewe bado changa. Ndiyo miezi anayoanza kupewa uji na maji, na chombo kikiwa si safi, uchafu huingia naye. Ndiyo miezi anayoanza kukaa na kutambaa, na kwa kuwa ufizi unamuwasha, kila kilicho sakafuni hukitia kinywani. Maradhi yana milango mingi wakati huo, nayo hungia yakiwa na meno au bila meno. Na kwa kuwa meno 20 hutoka kwa muda wa miaka miwili, karibu kila siku atakayougua mtoto, lipo jino la kusingiziwa.

Wala si sisi tu tuliodanganyika. Katika hesabu za vifo za mji wa London za mwaka 1842, karibu watoto 5 katika kila 100 waliokufa kabla ya kutimiza mwaka waliandikwa kuwa wameuawa na meno. Wazungu wakawapa watoto wao poda za meno zilizotiwa zebaki, ambayo ni sumu, na watoto wakaugua kwa dawa yenyewe. Poda hizo ziliondolewa Uingereza kiasi cha mwaka 1954, na maradhi yale yakatoweka. Na mwishoni mwa mwaka 2008, huko Nigeria iliuzwa dawa ya maji ya kutuliza meno iitwayo My Pikin, iliyokuwa imeingiwa na kemikali ya sumu. Watoto 84 walikufa.

MENO YA PLASTIKI

Sasa tuje kwa shauri la yule jirani. Katika sehemu nyingi za Tanzania bara, na Uganda pia, watu huamini kuwa mtoto mwenye homa na kuharisha ameota meno ya plastiki, wengine huyaita ya nailoni. Wakifunua kinywa huona uvimbe mweupe pembeni mwa ufizi. Huitwa mtu mwenye kisu, msumari au kijiti cha baiskeli, naye huufukua.

Ndugu zetu, uvimbe ule ni vitumba vya chonge. Kila mtoto anavyo, mgonjwa na mzima. Hutoka mwaka wa pili, na kabla ya hapo huonekana vyeupe ndani ya ufizi. Mkulima hawezi kukata tawi akasema ameliponya kwa kuwa lina vitumba. Kufukua vitumba hivyo humletea mtoto damu nyingi, usaha na pepopunda, huharibu na jino la ukubwani lililo chini yake, na homa iliyomleta yabaki palepale. Chuma kile kikitoka kinywa hiki kikaingia kinywa kile chaweza kuhamisha virusi vya Ukimwi. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 hadi 2023, Mkoa wa Njombe ndio ulioonekana na kiwango kikubwa cha maambukizi kuliko mikoa yote, yaani asilimia 12.7 ya watu wazima. Tulimwambia binti: mtu huyo asivuke kizingiti cha mlango wako.

NA MAFUTA YETU JE?

Hapa twajua tutawaudhi baadhi ya wanachama, kwani mafuta ya karafuu ni fahari yetu. Ni kweli kuwa yanatia ganzi, na madaktari wa meno hutumia iujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta hayo. Lakini wao huitumia katika jino la mtu mkubwa, kwa kipimo. Mafuta yanayotoka katika vinu vya makonyo na karafuu ni makali mno. Yanaunguza ufizi laini wa mtoto, na yakimezwa ni sumu. Mwaka 1993 madaktari wa Uingereza waliandika habari ya mtoto wa miaka miwili aliyekunywa kati ya mililita 5 na 10, yaani kijiko kimoja au viwili vya chai. Alipoteza fahamu, akapatwa na degedege, na ini lake likadhurika. Aliokolewa hospitalini kwa taabu kubwa. Mtoto wa miezi 7 ni mdogo kuliko huyo.

Kwa hiyo tunasema wazi, tukiwa wakulima wa zao hili: mafuta ya karafuu hayapakwi ufizi wa mtoto mchanga, na chupa yake ikae juu, mbali na mikono ya watoto. Aliyemeza apelekwe hospitali mara moja, wala asilazimishwe kutapika. Dawa za kupaka za ganzi ziuzwazo madukani nazo zisitumike kwa mtoto mchanga.

Cha kumtuliza ni rahisi. Nawa mikono, umsugue ufizi kwa kidole. Mpe kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi yaliyochemshwa, akitafune ukimwangalia. Mfute udenda, na umbadilishe nguo ya kifuani ikilowa, hasa katika baridi ya Njombe na Makambako. Mnyonyeshe kila atakapo.

ALAMA ZA MARADHI

Mzazi ayaangalie haya.

Kwanza, homa. Kipimajoto kikisoma 38 au zaidi, hayo si meno. Katika nchi za baridi watoto hufungwa masweta na mablanketi mengi, basi mpunguzie nguo kwanza, ungoje kidogo, ndipo umpime. Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye homa apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Malaria ni haba katika baridi ya Njombe, lakini mtoto aliyesafiri karibuni katika nchi ya joto apimwe damu.

Pili, pumzi. Mtoto akiwa ametulia, shika saa uhesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima. Kwa mtoto wa miezi 2 mpaka mwaka, zikifika 50 au zaidi, au sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani kila avutapo pumzi, hiyo ni dalili ya nimonia. Maradhi haya hayana subira. Wanaokaa nchi ya baridi wajihadhari pia wasifunge mlango na jiko la mkaa ndani. Moshi wake hudhuru kifua, na hewa yake huua.

Tatu, kuharisha. Khatari yake ni kukaukiwa maji: macho yaliyodidimia, utosi uliobonyea, kulia bila machozi, mkojo haba, na ngozi ya tumbo ukiifinya yachelewa kurudi. Paketi ya ORS ichanganywe na lita moja ya maji safi, mtoto anyweshwe kidogo kidogo kwa kijiko, na asikatizwe ziwa. Kituo cha afya kitampa na vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14. Choo chenye damu ni cha kupeleka hospitali.

Nne, alama zisizongoja kitu: mtoto asiyeweza kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyeshikwa na degedege, au aliyelegea hata haamki sawasawa. Huyo abebwe, iwe mchana au usiku.

Kule bara zipo hospitali za kukimbilia: Kibena katika mji wa Njombe, na hospitali ya Kilutheri ya Ilembula kwa walio upande wa Makambako, mbali na vituo vya afya.

MWISHO WA HABARI

Binti alimpeleka mwanawe kituo cha afya jioni ileile. Alikutwa amekaukiwa maji. Alinyweshwa ORS kwa kijiko, akapewa zinki, na siku ya pili akaanza kunyonya kwa nguvu. Jino lenyewe lilitokeza baada ya siku tisa, pasipo homa wala kuharisha, ila udenda na ukali kidogo. Mzee ndiye aliyetuletea habari hiyo, akacheka, akasema: "Katibu, kumbe jino lilikuwa halijafika, nasi tulikwisha kulihukumu!"

Hatukuandika haya kwa kujifanya wajuzi. Nyumbani kwetu wenyewe, kwa mtoto wetu wa kwanza, tulingoja siku tatu tukisema "ni meno", na ilikuwa nimonia. Mwenyezi Mungu alituonea huruma, mtoto akapona. Siku tatu zile hatujazisahau.

Husemwa kuwa haraka haraka haina baraka. Katika shamba la mikarafuu ni kweli. Lakini mtoto mchanga mwenye homa, pumzi za mbio au kuharisha, kumngojea jino ni kupoteza saa ambazo hazirudi. Twaomba kila mwanachama aliyesoma ukurasa huu awasomee walio nyumbani kwake, na mwenye mwana au mjukuu bara ampigie simu amweleze.

Wenu katika utumishi,
Katibu wa Chama