St Andrews: mamia ya pauni, au bure Jumapili

Mchezaji aliyezoea viwanja vya klabu kama Muthaiga au Karen za Nairobi hushangaa akiambiwa kwamba Old Course wa St Andrews, Scotland, uwanja wa gofu mashuhuri kuliko yote duniani, ni mali ya umma. Mji uliukomboa mwaka 1894 kwa sheria ya Bunge, baada ya kuupoteza kwa madeni karibu karne moja kabla ya hapo. Huhitaji uanachama wala mdhamini. Unahitaji cheti cha handikapu, pesa na bahati.

Msimu wa kiangazi wa 2024, raundi moja iligharimu pauni 320. Bahati nayo ni ya kura kwelikweli: wachezaji wawili hadi wanne huomba siku mbili kabla, kisha majina huchaguliwa. Ukikosa, wapo mawakala wanaouza nafasi ya uhakika pamoja na hoteli na raundi za viwanja vingine. Ukiiona bei yao, zile 320 utaziona za bure. Kedi unamlipa kando, na bakshishi juu. Gari la gofu lisahau, isipokuwa una sababu ya kiafya.

Unanunua nini hasa? Ubunifu usio na mbunifu. Mashimo ya kwenda na ya kurudi yanatumia kwa pamoja grini kubwa saba, na namba za kila jozi hujumlishwa kuwa 18: la 2 na la 16, la 5 na la 13. Bunka za mchanga ni 112, na nyingi huzioni mpaka mpira umeshatumbukia. Mgeni asiye na kedi hukisia tu apige wapi, na kukisia kwa bei hiyo ni anasa.

Jirani kabisa upo New Course, "mpya" wa tangu 1895: mchanga uleule, upepo uleule, bei chini ya nusu. Eden, aliouchora Harry Colt, ni nafuu zaidi. Castle wa 2008 uko nje ya mji juu ya majabali, kwa hiyo ongeza nauli. Wanaojifunza na watoto wana Balgove, mashimo tisa.

Wakazi hununua tiketi ya mwaka kwa bei ya chini mno. Wageni hunung'unika; mimi naona ni haki, uwanja ni wao. Jumapili ya kawaida Old Course hauchezwi: watu hutembeza mbwa na mtu yeyote huingia bila kulipa.

Kwa hiyo, kama si ndoto yako ya maisha, cheza New Jumamosi ukiwa na kedi, na Jumapili tembea Old Course bure hadi daraja la Swilcan. Utabaki na chenji ya chakula cha jioni.