Jua linavyosokota sumaku yake

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya dainamo. Wengi wetu tunaikumbuka ile ya baiskeli: gurudumu huizungusha, ndani yake sumaku huzunguka karibu na nyaya za shaba, na taa ya mbele huwaka. Nilipokuwa kijana niliifungua moja kwa udadisi, nikashindwa kuiunga tena, nikarudi nyumbani gizani. Lakini nilijifunza jambo moja: bila ile sumaku ndani, taa haiwaki.

Sasa, Jua nalo lina sumaku. Mwaka 1908 Mmarekani George Ellery Hale aligundua kuwa madoa meusi yaonekanayo juu ya Jua ni mahali penye nguvu kubwa ya sumaku. Ajabu ni kwamba hata chuma hupoteza usumaku wake kikifikia joto la nyuzi 770 za Selsiasi, na uso wa Jua una nyuzi zipatazo 5,500. Basi sumaku hiyo inatoka wapi?

Mwaka 1919 Joseph Larmor wa Uingereza alitoa wazo kwamba Jua ni dainamo inayojitengenezea sumaku yenyewe. Gesi yake hupitisha umeme, na gesi ya namna hiyo ikitembea huiburuta nguvu ya sumaku iliyomo, kana kwamba ni nyuzi zilizonasa ndani yake.

Halafu, Jua halizunguki lote kwa mwendo mmoja. Sehemu ya ikweta humaliza mzunguko kwa siku 25 hivi, lakini karibu na ncha huchukua zaidi ya siku 30. Kwa kuwa gesi ya huku huipita gesi ya kule, uzi ulionyooka kutoka kaskazini kwenda kusini huvutwa na kuviringishwa kiunoni mwa Jua. Kadiri unavyovutwa, kama mpira wa manati, ndivyo unavyoongezeka nguvu. Nguvu hiyo si ya bure. Hutoka katika mwendo wa gesi.

Hapo pana kikwazo. Mvutano huo hutengeneza nyuzi za kiunoni tu, wala haurudishi zile za kaskazini-kusini zilizoanzisha kazi. Hizo zikififia, dainamo imekufa.

Jawabu lilitolewa mwaka 1955 na Eugene Parker wa Chicago, naye alilipata katika vurugu. Gesi ya Jua huchemka kama uji chunguni, ikipanda na kushuka. Kwa sababu Jua linazunguka, gesi inayopanda husokotwa: kaskazini ya ikweta kwa upande mmoja, kusini kwa upande mwingine. Kila inapopanda huinua kitanzi kidogo cha sumaku na kukigeuza.

Kitanzi kimoja si kitu. Lakini mtazame msokota kamba wa pwani. Nyuzi za makumbi ni fupi, hazifiki hata urefu wa mkono. Akizisokota zote upande mmoja, anapata kamba ya kuzuia jahazi. Akisokota hizi kulia na zile kushoto, kamba inafumuka. Vivyo hivyo vitanzi vya Jua: kwa kuwa vinasokotwa upande mmoja, hujumlishwa na kuzaa upya sumaku kubwa ya kaskazini-kusini, ila safari hii imegeuka. Ndiyo maana kila baada ya miaka 11 hivi ncha za sumaku ya Jua hubadilishana.

Je, haya ni nadharia tupu? Mwaka 1999, huko Riga nchini Latvia na Karlsruhe nchini Ujerumani, wataalamu walisukuma sodiamu iliyoyeyuka katika mikondo ya kuzunguka, na sumaku ikaanza kujizalisha yenyewe.

Mtu ataniuliza, yanatuhusu nini? Machi 1989 nyuzi hizo za Jua zilifyatuka, zikarusha wingu la gesi hadi duniani. Huko Quebec, Kanada, gridi ya umeme ilianguka, na watu milioni 6 wakakosa umeme kwa saa 9 hivi. Leo simu zetu na ndege zetu hutegemea setilaiti, ambazo dhoruba kama hiyo huzifikia kwanza. Hadi sasa wataalamu wanabishana dainamo hiyo imejificha katika kina gani, na bila kulijua hilo, utabiri wa dhoruba utabaki wa kubahatisha.

Mimi niliharibu dainamo nikatembea gizani peke yangu. Ile ya juu ikichafukwa, giza litakuwa letu sote. Hadi juma lijalo, kwaherini.