Namba katika Chuma: Bastola ya Kale na Umri Wake

Mtu mwenye busara akitaka kununua gari lililokwishatumika haridhiki na rangi inayong'aa wala maneno matamu ya dalali. Hufunua boneti, akainama, akatafuta namba ya chesisi, akailinganisha na ile iliyo kwenye kadi. Zikitofautiana, huaga akaenda zake. Leo nataka tuzungumze juu ya namba za namna hiyo katika bidhaa nyingine, nayo ni rivolva, yaani bastola yenye silinda ya kuzunguka ambamo risasi hukaa kila moja katika tundu lake.

Pengine mtauliza, yatuhusu nini hayo? Yatuhusu, kwa sababu tarakimu chache zilizogongwa katika chuma zaweza kumtajirisha mtu, kumfilisi, au kumfikisha gerezani.

Tuanze na kosa ambalo wengi hulifanya. Mtu anaona bastola kuukuu iliyotengenezwa na kiwanda cha Colt cha Marekani. Anaisugua kidogo, na kwenye silinda anasoma maandishi yanayotaja tarehe 16 Mei 1843. Anaruka kwa furaha, ati amepata bastola ya mwaka 1843. La hasha! Tarehe hiyo ni ya vita vya baharini vya Campeche, baina ya meli za Texas na za Mexico, ambavyo Colt alivichora kama pambo kwenye silinda za bastola zake za Navy za 1851 na Army za 1860. Bastola zenyewe zilitengenezwa mpaka mwaka 1873, yaani miaka 30 baada ya vita hivyo.

Kosa la pili ni ndugu wa hilo la kwanza. Ile Colt mashuhuri tunayoiona katika sinema za wachunga ng'ombe wa Marekani, iitwayo Single Action Army, imeandikwa ubavuni miaka ya 1871 na 1872, na nyingine 1875. Hizo ni tarehe za hataza, yaani siku ambazo serikali ilimpa mvumbuzi haki ya kumiliki uvumbuzi wake. Bastola iliyotoka kiwandani mwaka 1890 nayo ina maandishi hayo hayo. Kusema ni ya 1871 ni sawa na kusoma mwaka wa kuzaliwa babu ukadhani ni wa mjukuu.

Basi ukweli uko wapi? Uko katika namba ya mfululizo. Bastola ya kwanza ilipewa 1, ya pili 2, na kuendelea. Lakini hapa pana mtego. Colt hakuwa na mfululizo mmoja kwa bastola zake zote, bali aina nyingi zilianza upya na moja yake. Kwa hiyo yaweza kuwapo Navy namba 5,000, Army namba 5,000, na Single Action Army namba 5,000, zote halali, na kila moja ina umri wake. Ndiyo maana wajuzi husema: kwanza tambua aina, kisha ndipo usome namba. Tazama umbo la kiunzi, urefu wa mtutu, na namna risasi zinavyoingizwa. Anayekimbilia namba kabla ya kujua aina ni kama mtu anayetafuta nyumba namba 12 bila kujua mtaa.

Ukishajua aina, unakwenda kwenye majedwali yaliyochapishwa. Single Action Army ilianza mwaka 1873. Kwa majedwali hayo, mwaka 1893 ulianzia karibu na namba 149,000, na 1894 karibu na 154,000. Kwa hiyo yenye namba 150,000 tunasema ni ya 1893. Mfululizo huo ulifikia zaidi ya 357,000 kabla ya kazi kusimama wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ilipoanza tena mwaka 1956, namba zilirudi mwanzo zikiwa na herufi SA mwishoni. Hivyo mtu akikuletea yenye namba ndogo na herufi hizo, akadai ilipigana zama za wachunga ng'ombe, mwambie imezaliwa wakati wa redio na ndege.

Jambo jingine ni kulinganisha. Kwenye Single Action Army namba hugongwa chini ya kiunzi, kwenye ile pete ya chuma inayokinga kifyatulio, na chini ya mpini. Kwenye zile za zamani zaidi utaikuta hata kwenye mtutu na silinda. Zote zikilingana, bastola ni nzima kama ilivyotoka kiwandani. Zisipolingana, huenda mtu ameunganisha viungo vya bastola mbili tatu.

Hata hivyo tusiwe wepesi wa kuhukumu. Katika miaka ya 1890 Jeshi la Marekani lilizikusanya bastola zake za wapanda farasi, likazikata mitutu kutoka inchi saba na nusu hadi tano na nusu, na katika kuzifunga tena viungo vikachanganyika. Namba zao hazilingani, lakini hakuna udanganyifu. Waingereza nao waliturahisishia kazi, kwani Webley Mark VI, iliyoanza kutumiwa na maafisa wao mwaka 1915, aghalabu imegongwa mwaka wake ubavuni.

Sasa tuje kwenye uzito wa jambo lenyewe. Kwanza ni fedha. Colt aina ya Walker ya mwaka 1847 zilitengenezwa 1,100 tu, na mwaka 2018 moja iliuzwa mnadani Marekani kwa dola milioni 1.84. Penye fedha kama hizo hapakosi mwenye tupasi na nyundo ya kugonga namba mpya.

Pili ni sheria. Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 husema silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla ni ya kale, na haibanwi kama nyingine. Kwa Single Action Army mpaka huo uko karibu na namba 182,000. Namba chache zaidi, na mtu yuko upande mwingine wa sheria.

Lakini je, silaha ikiitwa ya kale ndiyo imekufa? Mwezi Desemba 2017, huko Birmingham, Uingereza, mfanyabiashara wa silaha mwenye leseni alifungwa miaka 30. Alikuwa akiwapatia magenge bastola za kale pamoja na risasi alizozitengeneza mwenyewe ili zizienee. Risasi haiulizi umri wa mtutu.

Wahalifu huzifuta namba kwa tupa wakidhani wamemziba shahidi mdomo. Wanajidanganya. Namba inapogongwa, chuma kilicho chini yake nacho hubanwa. Tupa huondoa mfereji wa juu tu, na mtaalamu akipaka asidi, ile sehemu iliyobanwa huliwa tofauti na nyingine, na tarakimu zikaonekana tena.

Ndiyo maana nchi zetu nazo, katika Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, zilikubaliana kila silaha igongwe alama na iandikwe katika kumbukumbu, ili ikiokotwa penye damu ijulikane ilitoka mikononi mwa nani.

Basi ukifungua sanduku la marehemu ukakuta bastola kuukuu, usiivute kifyatulio ati ni kutu tupu. Huenda ina risasi. Usiisugue, usiifiche, usimwite dalali. Iache hapo ilipo na uwaarifu polisi. Tanzania, kwa mfano, mwaka 2022 Jeshi la Polisi lilitoa kipindi cha kusalimisha silaha kwa hiari, na aliyesalimisha katika muda huo hakushitakiwa. Kama ni ya 1893 au ya juzi, namba itasema yenyewe mbele ya wanaojua kuisoma.

Hadi juma lijalo, tukijaliwa, kwaherini.