Mcheza Kwao Hutunzwa: Timu za Vijiji vya Pate na Vijana Wahamao

Abiria atokaye Lamu kwenda Pate huuliza habari za maji kabla hajauliza habari za chombo. Mlango wa Mkanda, upitao kati ya kisiwa cha Manda na bara, hupitika vizuri maji yajaapo. Yakipwa, huenda nahodha akalazimika kungoja. Timu ya mpira iendayo kucheza ugenini haina budi kutii amri hiyo hiyo. Firimbi ya mwisho ikichelewa, chombo hukaa juu ya matope, na wageni hulazimika kulala katika mji wa wale walioshindana nao. Hapo ndipo huonekana kwamba mashindano si uadui, kwa kuwa aliyefungwa mabao jioni huletewa chakula usiku na yule yule aliyemfunga.

Kisiwa cha Pate ndicho kikubwa kuliko vyote katika visiwa vya Lamu. Miji yake yajulikana tangu zamani: Pate yenyewe, Siyu, Faza, Tchundwa, Mbwajumwali na Kizingitini. Kila mji una misikiti yake, visima vyake na fahari yake, na hata usemi hutofautiana. Mtu wa Pate, mtu wa Siyu na Mtikuu wa Faza wakizungumza, msikilizaji mwenyeji hutambua mara moja kila mmoja ametoka wapi. Fahari hiyo si ya jana. Mwaka 1844 jeshi la Seyyid Said wa Unguja na Maskati lilikwenda kuutiisha mji wa Siyu, likashindwa, na amiri wake akauawa huko. Leo silaha zimewekwa chini, na miji hiyo hupimana nguvu kwa mpira wa miguu. Lakini mwenye kutazama nyuso za watu kando ya uwanja hatakosa kuiona fahari ile ile.

Timu ya Kijiji ni Kitu Gani?

Mtu wa mjini husikia neno "klabu" akafikiri ofisi, mishahara na basi la wachezaji. Timu ya kijiji haina hata kimoja katika hivyo. Mpira hununuliwa kwa mchango. Mvuvi hutoa kidogo wakati samaki ni wengi, mwenye duka hutoa chake, na mtoto wa mji aliyepata kazi Mombasa hupeleka fulana. Mwalimu wa timu ni mchezaji wa zamani, naye halipwi. Vijana wadogo hujifunza kwa kutazama wakubwa, na wakipungukiwa na mtu mmoja huitwa kujaza nafasi. Hivyo ndivyo mtoto aingiavyo katika timu ya wakubwa pasipo hati wala sherehe.

Lakini vijana hao hao ndio waitwao kunapokuwa na kazi ya mji. Mtu akifa, wao huchimba kaburi. Kukiwa na arusi, wao hubeba maji na kufunga maturubai. Chombo kikipanda mwamba, wao huenda kukinasua. Kwa hiyo kijiji kimleapo mchezaji, humlea pia mtu wa kutegemewa, na wazee wanaotoa shilingi zao kwa ajili ya mpira hawatoi kwa ajili ya mabao tu. Watu husema kwamba mkono mmoja haulei mwana, na timu ya kijiji ni mfano mwema wa mikono mingi.

Kijana Aondokapo

Shida huanza pale ambapo kijana huonekana kuwa na kipaji kupita wenziwe. Ligi kuu ya Kenya haichezwi kisiwani. Atakaye kufika huko hana budi kuvuka maji, kwenda Lamu, Malindi au Mombasa, na Mombasa huvuta kwa jina lake. Ligi ya taifa ilianzishwa mwaka 1963, na katika mwaka wake wa tatu, yaani 1965, ubingwa ulichukuliwa na Feisal, klabu ya Mombasa. Tena si mpira tu uvutao vijana. Wengine hufuata shule, wengine kazi, na wengine wana jamaa Mombasa na Malindi tangu miaka ya 1960, wakati vita vya mpakani vilipowafanya Wabajuni wengi kuhama makwao.

Habari aghalabu huwa hivi. Klabu ya mjini humwona kijana wa miaka 16 au 17 katika mashindano, ikamtaka. Mtu hutumwa kuzungumza na kijana peke yake, si na wazazi wake wala na wakuu wa timu. Kijana hufurahi, akaondoka alfajiri pamoja na maji. Kijijini watu huamka na kusikia kwamba ameondoka, nao huchukia. Wengine husema, "Tumemlea, ametutupa." Baada ya miezi michache huenda akaumia goti, au akakosa nafasi, na klabu iliyomwita isiulize habari zake tena. Kurudi nyumbani huona haya, na mjini hana mtu. Basi wote wamepata hasara, kijiji pamoja na kijana, wala hakuna aliyekusudia uovu.

Dawa ya jambo hili si kumfunga kijana miguu. Mtoto azuiwaye kwa nguvu hataucheza mpira kwa moyo, na mji uzuiao watoto wake hautapata sifa. Tena kugombana juu ya wachezaji huacha majeraha ya miaka mingi. Dar es Salaam ni shahidi. Klabu ya Young Africans ilianzishwa mwaka 1935, na mwaka uliofuata baadhi ya watu wake walijitenga wakaunda klabu nyingine, iliyokuja kuitwa Sunderland na kisha, mwaka 1971, Simba. Kwa miji mikubwa mtengano huo ulizaa mashindano makubwa. Kijiji chenye vijana wachache kikitengana namna hiyo, huenda kisipate hata wachezaji 11.

Mamluki

Wakati mwingine kosa ni la kijiji chenyewe. Mashindano ya kikombe yakikaribia, kapteni na wakubwa wa timu hushikwa na tamaa ya ushindi, wakaagiza wachezaji kutoka nje. Watu wa Pwani huwaita mamluki. Hulishwa, hulipwa nauli na kitu kidogo cha mkononi, nao hucheza siku mbili au tatu. Kijana wa mji aliyefanya mazoezi mwaka mzima hukaa kando akilinda nguo zao.

Pengine kikombe hupatikana, nacho huwekwa dukani watu wakitazame. Lakini juma la pili mamluki hawapo. Kaburi likitakiwa kuchimbwa, hawapo. Na yule kijana aliyelinda nguo amejifunza jambo moja tu: kwamba mji wake humthamini mgeni kuliko yeye. Klabu ya mjini imwitapo baadaye, atakuwa na sababu gani ya kukataa, au hata ya kuaga? Wazee walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Mji usiotunza hauna haki ya kumlaumu mchezaji aendaye kucheza kwingine.

Mfano wa Mbali

Iko nchi moja ya Ulaya ambayo jambo hili limetiwa katika kanuni. Nchini Ayalandi kuna chama kiitwacho Gaelic Athletic Association, kilichoanzishwa katika mji wa Thurles tarehe 1 Novemba 1884 ili kuhifadhi michezo ya asili ya watu wa nchi hiyo. Michezo yake mikubwa ni miwili: mpira wao wa asili, ambao huchezwa kwa mikono na miguu, na hurling, ambao mpira mdogo hupigwa kwa fimbo pana. Uwanja wao mkubwa, Croke Park wa Dublin, huchukua watu wapatao 82,000, na siku ya fainali hujaa. Hata hivyo wachezaji wanaoujaza uwanja huo hawalipwi mshahara. Siku ya kazi mmoja ni mwalimu, mwingine ni mkulima.

Msingi wa chama hicho ni kijiji. Katika majimbo mengi mpaka wa parokia ndio uamuao kijana atachezea klabu gani, na kwa kanuni mchezaji huhesabiwa daima kuwa ana wajibu kwa klabu yake ya nyumbani. Hii haimaanishi kwamba amefungwa. Ahamaye kwa ajili ya kazi au masomo huweza kuomba uhamisho kwa maandishi, na maombi hupimwa na kamati. Ziko klabu za michezo hiyo hata London na New York, zilizoundwa na wahamiaji. Na pale ambapo vijiji vimepungukiwa na vijana, klabu mbili jirani huunganisha watoto wao katika timu moja mpaka wakue.

Pate si Ayalandi, na mpira wa miguu una sheria zake. Lakini mambo mawili yafaa kuigwa pasipo gharama yoyote. La kwanza ni kwamba kuhama kuwe kwa maandishi na kwa mashauri, si kwa kutoroka. La pili ni kwamba miji jirani yaweza kuunganisha timu za watoto badala ya kukodi watu wazima kutoka mbali.

Mali Bila Daftari

Liko pia jambo ambalo vijiji vingi havijalifahamu, nalo ni la fedha. Shirikisho la mpira la dunia, FIFA, lina kanuni ya kuwatunza walezi wa wachezaji. Mchezaji wa kulipwa auzwapo kutoka klabu ya nchi moja kwenda ya nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei hugawanywa kwa klabu zilizomfunza tangu mwaka aliotimiza miaka 12 hadi mwaka aliotimiza miaka 23. Kila mwaka kati ya miaka 12 na 15 hupata robo ya asilimia moja ya bei, na kila mwaka kati ya 16 na 23 hupata nusu ya asilimia.

Na tufanye hesabu. Mchezaji auzwe kwa shilingi milioni 10. Asilimia 5 ni shilingi 500,000. Klabu iliyomlea tangu miaka 12 hadi 17 ingepata shilingi 25,000 kwa kila mmoja wa miaka minne ya kwanza, na shilingi 50,000 kwa kila mmoja wa miaka miwili iliyofuata. Jumla shilingi 200,000. Tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi maalumu, iliyoko Paris, ya kupitisha malipo ya namna hii.

Lakini fedha hizo haziendi kwa uvumi. Huenda kwa klabu iliyosajiliwa na shirikisho la nchi, na kwa mchezaji ambaye jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa na miaka aliyoichezea klabu vimeandikwa. Timu iliyomlea bingwa pasipo kumwandika haina hoja ya kudai kitu, hata kama mji mzima ungeapa. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Ni kweli kwamba wachezaji wauzwao nchi za nje ni wachache mno, na kijiji kisiweke tumaini lake hapo. Faida ya daftari iko karibu zaidi. Humaliza ubishi wa umri katika mashindano ya watoto. Huonyesha nani ni mchezaji wa mji na nani ni mamluki. Na kijana aombapo ruhusa, huandikiwa barua itajayo alikotoka, ili klabu impokeayo ijue kwamba ana watu nyuma yake. Daftari moja na karani mwaminifu vyatosha kuanza, na kusajili timu katika tawi la shirikisho ndiyo hatua ya pili.

Daftari ni ngao pia dhidi ya wadanganyifu. Kanuni za FIFA hukataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja hadi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kama vile wazazi wake kuhama kwa mambo yasiyohusu mpira. Basi mtu ajaye kijijini na ahadi ya kumpeleka mtoto wa miaka 15 Ulaya au Ghuba kucheza mpira, huku akitaka wazazi watoe fedha kwanza, aulizwe maswali mbele ya wazee, wala asipewe senti.

Kuaga na Kurudi

Kijana aendaye kwa baraka huwa tofauti na atorokaye. Wazazi wake wamezungumza na klabu impokeayo; kapteni ameandika jina lake na tarehe aliyoondoka; wenziwe wamemsindikiza hadi Mtangawanda kupanda chombo. Akifaulu, atapeleka mpira na fulana kwa wadogo zake. Asipofaulu, atarudi pasipo haya, na nafasi yake itakuwapo. Siku ya Idi atashuka tena gatini, na jioni atacheza pamoja na wale waliomfundisha.

Maji huondoka Pate mara mbili kila siku, na mara mbili hurudi. Vijana nao wataondoka, wala hakuna awezaye kuwazuia. Lililo juu ya wazee na viongozi wa timu ni kuutengeneza mji ili kila aondokaye awe na sababu ya kurudi.