Msamiati Kabla ya Tamthilia: Maneno Tunayodhani Tunayajua (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliitazama desturi ya kumtwika mwanafunzi orodha ya maneno magumu kabla hajafungua ukurasa wa kwanza wa tamthilia. Desturi yenyewe naitetea. Uteuzi wa maneno ndio unaonitia shaka. Orodha hizo hukusanya maneno ambayo msomaji hajapata kuyasikia, ilhali yanayompoteza zaidi ni yale aliyoyazoea. Neno geni humsimamisha, akauliza au akafungua kamusi. Neno la kila siku analipita mbio akiwa na maana isiyo yake, wala hashtuki.

Chukua Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969. Kiswahili chake ni chepesi, na ni rahisi kudhani kwamba kijana wa sekondari aweza kuisoma bila maandalizi. Lakini kijana huyo akikutana na Hongo, kichwani mwake inakuja rushwa, kumbe huyo ni pepo anayempagaa Kinjeketile na kumpa dawa ya maji. Akisikia pamba, anaona zao la biashara ambalo mkulima hulipeleka sokoni. Hawaoni wanavijiji wa kusini wakilimishwa kwa nguvu mashamba ya serikali ya Kijerumani huku ya kwao yakiota magugu. Ndiyo maana Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waliianza vita ya Maji Maji kwa kung'oa mipamba. Asiyelijua hilo atawaona wahusika wakilalamikia kazi, basi, na hasira yao itamfikia nusu.

Mfano mzito zaidi ni jina la mtu. Maneno yanayomtoka Kinjeketile akiwa amepagawa yanaahidi kwamba Mjerumani akishindwa, watu watakuwa chini ya Seyyid Said. Fahamu zikimrudia, ahadi hiyo inamtesa, anaanza kuishuku sauti iliyosema kwa kinywa chake, huku wapiganaji wakitaka vita ianze. Seyyid Said alikuwa sultani aliyeuhamishia Unguja utawala wake kutoka Oman, akafariki mwaka 1856, karibu nusu karne kabla ya Maji Maji. Chini ya ukoo wake Kilwa ilikuwa bandari kubwa ya kusafirishia watumwa waliotolewa bara. Kwa mtu wa Umatumbi, basi, ahadi ile ni ya kuachiwa na bwana mmoja na kukabidhiwa mwingine. Msomaji asiye na habari hiyo ataona mganga aliyechanganyikiwa, wakati Hussein amemchora kiongozi aliyeuona mtego ndani ya ushindi wake mwenyewe. Tamthilia nzima inageukia hapo, na sidhani kuna faharasa ya kialfabeti ambayo ingempa mwanafunzi nafasi ya kuligundua hilo.

Wala si Hussein peke yake. Katika Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1963, kila msomaji analijua neno mfalme. Asichokijua ni kwamba Waroma, tangu walipomfukuza mfalme wao wa mwisho, walilichukia jina hilo kiasi kwamba kulitamani tu kulitosha kumfanya mtu ashukiwe uhaini. Bila chuki hiyo, Bruto anayeshiriki kumuua Kaizari ni rafiki mwovu tu.

Atatokea wa kunijibu kwamba tamthilia huandikwa ichezwe, na mtazamaji ukumbini hagawiwi msamiati mlangoni. Ni kweli, lakini mtazamaji ana sauti, mavazi, na mwili wa mwigizaji unaotetemeka. Msomaji wetu, darasani, ana maandishi matupu. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kwamba maana zikitangulizwa, mwanafunzi hukariri kwa ajili ya mtihani na kuusahau mchezo. Hapo utafiti uko upande wa wapingaji kwa sehemu. Mwaka 1986 Steven Stahl na Marilyn Fairbanks walikusanya tafiti nyingi, wakaona kwamba kufundisha msamiati husaidia ufahamu, ila njia za kutoa fasili peke yake hazikuonyesha faida ya kutegemewa, wala zile za kulitaja neno mara moja au mbili. Kwangu hiyo ni sababu ya kuifupisha orodha. Maneno manane yaliyoelezwa pamoja na dunia yake, yakazungumzwa na kurudiwa, yanamfaa msomaji kuliko themanini ya kunakiliwa daftarini. Majina ya vyakula, zana na mavazi yaachwe. Muktadha utayafafanua, na yakibaki na ukungu kidogo hakuna kinachoharibika.

Linabaki suala la kumharibia msomaji utamu. Hilo huzuilika kwa nidhamu ya mwalimu: aeleze Seyyid Said alikuwa nani na Kilwa iliuza nini, kisha anyamaze kuhusu nani atalitaja jina hilo na wapi. Sehemu ijayo itashughulikia maelekezo ya jukwaani, ambayo wanafunzi wengi huyaruka.